Ng'ambo Ipi, Bwana Karani?

Vijana mnaouza safari kwa kugusa kioo cha simu, nawasalimu. Mimi nilizikata kwa mkono. Kwa miaka thelathini na kitu nimekata tiketi za treni, za meli, za basi, na mara moja tiketi ya jeneza, na nikisema kwamba tiketi hizo zikitandazwa zingeufunika mwamba wa Tororo kuanzia kileleni mpaka chini, kisha zikabaki za kufungia karanga, msidhani natia chumvi. Natia kidogo tu.

Mpwa wangu, ambaye naye ana ofisi ya safari, tena yenye kiyoyozi, ameniomba niwaandikie ninyi wenzake vidokezo vya kazi. Vidokezo sina. Nina habari ya Bwana Ofwono na likizo yake ya kisiwani. Likizo hiyo niliipanga mimi mwenyewe, kwa mkono huu, na hadi leo nikiisimulia kuna mahali napotea njia. Kwa hiyo msomapo, nanyi mkijihisi mmepotea kidogo, msiogope. Tuko pamoja.

Ofisi yetu ilikuwa Tororo, miaka ya sitini, uhuru bado unanukia rangi mbichi. Ilikuwa mali ya Haji Maulidi, mzee wa mjini aliyekuwa na malori mawili na uwakala wa tiketi za treni na meli. Chumba kimoja, kaunta, benchi, na ramani ya Afrika Mashariki ukutani. Mende walikuwa wameila ramani hiyo pande za kusini mwa Tanganyika, na ndiyo sababu katika miaka yangu ya kwanza sikumpeleka mtu yeyote huko. Haji mwenyewe alikuwa na sauti kubwa. Akipiga chafya Tororo mjini, ng'ombe wa Merikit, maili kadhaa kutoka mjini, wanainua vichwa.

Mimi, Wandera, ni Msamia wa Busia upande wa Kenya. Nilizaliwa hatua chache kutoka barabara inayogawa nchi mbili, kiasi kwamba kuku wetu walikula Kenya wakataga Uganda. Nilikuwa nimetoka kumaliza shule ya jioni, nina miaka ishirini na sita na cheti. Cheti nilikitundika juu ya kiti changu, ili mteja akinitazama akitazame na chenyewe. Jiografia tulifundishwa kwa boga, kwa kuwa shule haikuwa na tufe. Mwalimu alichora bahari zote kwenye boga kwa makaa, nasi tukazikariri. Lilipoanza kuoza tulipoteza Australia, lakini mtihani ulikuwa umeshapita.

Haji hakuwa na cheti. Alikuwa na kanuni. Abiria wa daraja la tatu mwambie akae mabehewa ya katikati, maana mbele kuna moshi na nyuma kuna mtikisiko. Mwandikie vituo ambavyo atanunua chai, kwani mtu akijua chai iko wapi hatashuka ovyo. Jina la mji lisome kwa sauti, herufi kwa herufi, kabla ya kulipigia muhuri. Hiyo ya mwisho niliidharau mpaka siku nilipomwandikia mzee mmoja wa Iyolwa, aliyekuwa anakwenda Kisumu kung'olewa jino, tiketi ya Kismayu. Kituoni wakamwambia treni haifiki Usomali. Mzee akarudi ofisini ameshika shavu. "Mwanangu," akaniambia, "jino hili haliwezi kufika mbali hivyo."

Na kanuni kubwa kuliko zote: mteja akiingia, usianze kumuuliza anakwenda wapi. Muulize anakwenda kwa nani. Haji alisema mtu hukosea jina la mji, lakini jina la mtu wake halikosei. Mimi niliona hayo ni mambo ya wazee wasiojua ramani.

Sasa, asubuhi moja Haji alikuwa Mbale, lori lake moja limevunjika ekseli, na mimi ndimi nimeachiwa ofisi. Akaingia mwanamume mfupi mwenye koti la sikukuu, akaweka kalenda juu ya kaunta. Ilikuwa na picha: mnazi, mchanga mweupe, na mwanamke wa Kizungu amelala chini ya mwavuli.

"Karani," akasema, "mimi nataka kwenda hapa."

"Hapa ni wapi, baba?"

"Wewe ndio karani. Mimi ndio nauliza."

Alikuwa Ofwono wa Kisoko, mpima mizani katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Bwana mkubwa wake, Mzungu, kila mwaka alikwenda likizo kisiwani na kurudi mwekundu na mwenye furaha. Ofwono alikuwa amemtazama miaka kumi na miwili akaamua siku yake ikifika naye atakwenda.

"Nimepata livu," akasema. "Siku kumi na nne. Nataka mimi lala kwa mchanga kama huyu mama hapa."

"Na mbili imekwisha haribika," ikasema sauti mlangoni.

Huyo alikuwa mkewe, Nyaketcho. Mwanamke mrefu, mtulivu, ana kifurushi kichwani ambacho hakukishusha muda wote tuliozungumza. "Karani, huyu anataka mchanga," akasema. "Mimi nataka dada yangu."

Akanitolea barua, na habari ikawa hivi. Dada yake mkubwa, Awor, alichukuliwa na fundi cherehani aliyeitwa Makame, mgeni Mwislamu aliyekuja kushona sare Tororo. Baba yao alimwambia Awor: ukimfuata huyo usirudi. Awor akamfuata, asirudi, miaka kumi na moja. Sasa baba amekufa. Mama yao yu hai, lakini macho yanamzimika.

"Jicho moja imefunga," Nyaketcho akasema. "Ya pili iko njiani. Mama anasema, nileteeni Awor nimwone na hii iliyobaki."

Barua ilikuwa imefika kupitia misheni ya Kisoko. Naikumbuka neno kwa neno, kwa sababu zitakazoonekana. Haikuwa na nukta wala herufi kubwa hata moja:

*dada mpenzi salamu sana mimi mzima makame mzima nimesikia habari ya baba njooni mnione mkifika kisiwani vukeni darajani mje ng'ambo ulizeni makame wa cherehani kila mtu anamjua ni mimi awor*

"Bahasha iko wapi?" nikauliza. "Muhuri wa posta utatuambia imetoka wapi."

Nyaketcho akageuza kichwa polepole, na kifurushi chake kikageuka naye, akamtazama mumewe.

"Aliivuta," akasema.

"Tumbaku ilikuwa hapana karatasi," Ofwono akajitetea. "Na ile ilikuwa karatasi nyepesi. Nzuri sana."

Ninyi vijana wa siku hizi huenda hamwoni ugumu uko wapi. Basi niwaeleze. Kwetu mpakani neno ng'ambo lina maana moja: upande ule mwingine. Ukiwa Uganda ni Kenya, ukiwa Kenya ni Uganda. Mtu akisema amekwenda ng'ambo kununua sabuni, unamngoja saa moja. Kwa hiyo Ofwono na mkewe walifanya ambavyo mtu yeyote wa Tororo angefanya: walikwenda Malaba, wakavuka daraja, wakaingia Kenya, wakauliza fundi Makame. Siku mbili nzima.

"Tuliona mafundi tisa," Nyaketcho akasema. "Mmoja alinipima kiuno kabla nimalize kuuliza."

"Na neno kisiwani mlilifanyaje?"

"Tulisema labda Awor amesahau Kiswahili," akajibu Ofwono. "Mimi nasema ni Sigulu. Sigulu ni kisiwa, unashuka Busia, unafika ziwa, basi."

"Sigulu kuna daraja?" mkewe akamuuliza.

"Hapana."

"Kuna mnazi?"

Ofwono akatazama kalenda yake. "Hapana."

Nikanyoosha mkono nikaomba utulivu. Nikaichukua barua nikachukua na kalamu nyekundu. Mtu wa shule ya jioni akiona barua isiyo na nukta, damu inamchemka. Nikaweka nukta. Nikaweka mikato. Nilipofika kwenye *vukeni darajani* nikatabasamu, maana kosa lilikuwa wazi: mtu havuki darajani, mtu huvuka daraja. Nikalikata lile *ni*. Kisha nikainakili barua yote upya, safi, kwa mwandiko uliowahi kusifiwa na mwalimu wangu, nikawapa nakala. Ile ya Awor yenye wekundu nikaitia kwenye jalada.

Halafu nikaigeukia ramani, na ikanijia. Kisiwa! Daraja! Ng'ambo yake! Mombasa!

"Mombasa ni mji," Ofwono akasema.

"Ni mji ulio kisiwani, baba. Maji kila upande."

"Treni inaingia ndani ya maji?"

"Inapita juu ya tuta. Na ukiwa kisiwani kuna daraja la kuelea, la Nyali. Unalivuka, unatokea ng'ambo, bara, Kongowea. Kuna minazi. Kuna mchanga. Kuna kila kitu kilichomo kwenye kalenda na kila kitu kilichomo kwenye barua."

Nilijisikia kama mtu aliyekigundua chanzo cha Nile kwa mara ya pili. Nikawapangia likizo ambayo hata Mzungu wa pamba angeionea wivu: behewa la katikati, chai Eldoret, chai Nakuru, kubadilisha treni Nairobi, nyumba ya wageni Mombasa karibu na stesheni. Nyaketcho akaniacha nimalize. Kisha akauliza, "Karani, una hakika?"

Nikamwonyesha cheti ukutani.

Siku ya sita ikaja telegramu. Kwa bahati au kwa balaa ilifika asubuhi ileile ambayo Haji alirudi kutoka Mbale, amechoka, ana grisi mpaka kwenye kofia. Akaipokea yeye, akaisoma kwa ile sauti yake, na mtaa mzima ukaisikia: TUMEVUKA DARAJA MAKAME HAPANA MAFUNDI WENGI NG'AMBO IPI KARANI JIBU POSTA OFWONO.

"Wandera," akasema, "umemfanya nini mtu huyu?"

Nikamweleza, kwa fahari bado. Akaomba barua yenyewe. Nikamtolea kwenye jalada. Akaisoma mara moja, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Nani katia wekundu hapa?"

"Mimi, Haji. Nimesahihisha."

Haji akakaa kwenye benchi la wateja. Katika ujana wake alikuwa amesoma chuo cha Kurani Unguja miaka minne, jambo ambalo alikuwa amenieleza kama mara mia mbili na mimi sikusikiliza hata moja.

"Darajani ni mahali," akasema taratibu. "Ng'ambo ni mahali. Ni mtaa! Watu wanazaliwa humo, wanaoa humo, wanazikwa humo. Unguja! Na huyo Makame, tangu lini Makame akawa mtu wa Kongowea? Si nilikwambia uulize mtu anakwenda kwa nani? Jina hilo la Kiunguja tu lingekutosha."

"Ng'ambo ya nini, Haji?"

"Ng'ambo ya mji."

"Kwa hiyo iko ng'ambo."

"Ipo Ng'ambo."

"Ndivyo nilivyosema."

"Sivyo ulivyosema!"

Tulikwenda hivyo kwa muda. Mwenye duka la baiskeli jirani alikuja kuamua ugomvi, akaondoka anasema yeye alidhani tunazungumzia Busia. Mwishowe mwanga ukaniingia, na ulipoingia ulikuja na baridi. Katika zile siku kumi na nne zilikuwa zimebaki sita. Na kule Kongowea mama mmoja alikuwa anagonga milango ya mafundi kwa sababu ya kalamu yangu.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikimbia posta kabla haijafungwa saa sita. Nadhani nilizipita baiskeli tatu na lori moja. Nikachukua fomu, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna boga lililowahi kunifundisha: telegramu yote ni herufi kubwa. Tofauti yenyewe kati ya ng'ambo yetu na Ng'ambo yao ni herufi moja kubwa, na telegramu haiwezi kuionyesha! Karani wa posta anagonga kaunta kwa kidole, saa inakwenda, jasho linadondoka kwenye fomu. Nikaandika:

NG'AMBO SI NG'AMBO NI NG'AMBO. DARAJA SI DARAJA NI DARAJANI. PANDENI MELI. WANDERA.

Nikarudi ofisini napumua kama mbuzi wa mbio. Haji akaniuliza, "Umewaambia Unguja?"

Vijana, neno moja tu lilihitajika. Neno moja. Nami ndilo sikuliandika.

Posta ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu, na meli ya Unguja, Haji alijua, ilikuwa inaondoka Mombasa Jumatatu asubuhi. Ile Jumapili nilikwenda kanisani nikaomba kwa lugha nne.

Yaliyotokea upande wa pili nilikuja kuyajua baadaye kwa Nyaketcho mwenyewe. Siku zile mbili za kwanza Kongowea alizunguka na nakala yangu safi, kila mtu akaisoma, kila mtu akamwambia, "Naam, ng'ambo ndiyo hapa." Ofwono siku ya kwanza alimsaidia. Siku ya pili alikwenda pwani kutimiza kalenda. Alilala chali mchangani na koti lake la sikukuu na viatu, mikono ubavuni, akangoja aone raha inaanza saa ngapi. Ilipofika adhuhuri raha haijaanza, akarudi na mchanga masikioni, akamwambia mkewe, "Wazungu wanadanganyana."

Jumamosi hiyo walikwenda posta kuu ya Mombasa, ambayo bado ilikuwa wazi, wakapewa telegramu yangu. Ofwono akaisoma kwa sauti. Akaisoma tena. Watu waliokuwa kwenye foleni ya stempu wakaanza kusikiliza.

"Ng'ambo si ng'ambo ni ng'ambo," akasema Ofwono, akamgeukia mkewe. "Mama Athieno, huyu karani amekunywa."

Mbele yao alisimama mama mmoja wa buibui. Akageuka. "Hebu lete niione." Akasoma, akacheka mpaka akashika meza. "Mbona jambo lenyewe liko wazi? Anawaambia mje kwetu."

"Kwenu wapi?" Nyaketcho akauliza.

"Ng'ambo."

"Tumetoka ng'ambo sasa hivi," akasema Ofwono, akaonyesha upande wa daraja.

"Siyo hiyo, baba. Ng'ambo ya Unguja. Unashuka bandarini, unakwenda Darajani, unaingia Ng'ambo. Mnamtafuta nani?"

"Makame wa cherehani."

"Yupi? Tunao wengi. Mwenye mke wa bara?"

Nyaketcho aliniambia kwamba hapo ndipo aliposhusha kifurushi kichwani kwa mara ya kwanza tangu Tororo. Mimi hilo siliamini, lakini nalipenda.

Tatizo likawa likizo. Ofwono akihesabu safari ya treni, asingeweza kwenda Unguja na kurudi kazini kwa wakati, na mizani ile ilikuwa na watu kumi wanaoitamani. Nyaketcho hakuwa amewahi kwenda popote peke yake kupita Busia sokoni. Kabla ya safari hii, maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyavuka yalikuwa mto Malaba, tena kwa daraja.

"Wewe rudi pima pamba," akamwambia mumewe. "Mimi nakwenda."

Ofwono akarudi Tororo na ngozi ya pua inabanduka. Kila alipotoka kazini alikuja kuketi kwenye benchi letu, kofia magotini.

"Karani, umepeleka mke wangu wapi?"

"Ng'ambo, baba."

"Usiniambie hiyo neno."

Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili. Hakuna barua, hakuna telegramu. Haji, ambaye kwa kawaida aliningurumia tangu asubuhi, alianza kuzungumza nami kwa upole, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Kule Kisoko, Ofwono akasema, bibi kizee ameanza kuuliza kila mtu anayepita uani kama ni Awor, akiwemo mhubiri. Mimi nilikishusha cheti ukutani nikakiweka kwenye mtoto wa meza. Haji aliona.

Wiki ya tatu, mchana, Nyaketcho akaingia. Kifurushi kichwani, si kile alichoondoka nacho, na harufu ya karafuu mbele yake kama tarumbeta. Ofwono akainuka kutoka kwenye benchi, akakaa, akainuka tena.

"Umechelewa," akamwambia.

"Na wewe umekonda," akajibiwa. Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi.

Kisha akanigeukia mimi. "Karani, nimefika Darajani. Nikauliza, daraja iko wapi? Wakacheka. Wanasema ilikuwako zamani, maji yamefukiwa. Kwa hiyo mimi nimevuka daraja ambayo haiko, ya maji ambayo haiko, nikafika ng'ambo ambayo iko upande huohuo. Wewe uliyesoma, nieleze."

Sikuweza. Bado siwezi.

"Na Awor?" Haji akauliza.

"Nilimkuta anapepeta mchele. Aliniangalia hivi. Akasema kwa lugha yetu, 'Umeniletea wimbi ya uji?' Nikasema ndiyo. Ndiyo tukaanza kulia."

Awor hakuweza kuja naye mara moja. Idd ilikuwa karibu, Makame ana rundo la kanzu za watu, na Awor ndiye anayetia vifungo. Ila atakuja baada ya sikukuu. Nyaketcho alitaka tumwandikie hati ya safari, ya tiketi za meli na treni, tuitume kwa posta. Haji akaniambia, "Andika, Wandera. Na usome kwa sauti."

Nikaandika. Nikasoma kwa sauti, herufi kwa herufi: jina, bandari, kituo, daraja la tatu, behewa la katikati. Haji akasikiliza amefumba macho kama anayesikiliza kisomo, akaitikia kwa kichwa. Hati ikaenda.

Siku aliyofika Awor tulikwenda stesheni sote, hata mwenye duka la baiskeli. Treni ikasimama, akashuka mwanamke mrefu kama Nyaketcho, amejitanda kanga, amebeba kikapu kimoja. Nyaketcho akakishika kikapu, akakipima kwa mkono, akakunja uso.

"Kitu chepesi hivi? Umekuja kulala siku mbili?"

"Siku mbili?" Awor akasema. Akatoa hati yangu kifuani. "Si ninyi mmeniandikia kuja tu? Kurudi hakuna. Makame alinuna siku tatu. Akasema, kwenu wameamua, wanakutaka, nenda ukae mpaka mama akuchoke. Nguo zangu zinakuja na meli ijayo."

Watu wote wakanigeukia. Nikaichukua hati. Kweli. Mahali pa safari ya kurudi palikuwa patupu, peupe kama mchanga wa kalenda. Nyaketcho akafanya kitu ambacho mke wa Ofwono hakuwa na desturi ya kumfanyia karani: alinishika mkono kwa mikono yote miwili.

Tulipanda lori la Haji mpaka Kisoko. Bibi kizee alikuwa amekaa uani kwenye ngozi. Awor akapiga magoti mbele yake. Mama akamshika uso, akauvuta karibu na lile jicho moja, akauzungusha kushoto, akauzungusha kulia, kama mtu anayekagua boga sokoni.

"Amenenepa," akasema.

Awor alikaa mpaka wimbi likavunwa. Jicho lilifunga kabla ya hapo, lakini lilifunga likiwa limeshatosheka. Baadaye alirudi kwa Makame wake kwa tiketi niliyoikata mimi, ya kwenda na ya kurudi, na akaja tena mwaka uliofuata.

Tukiwa njiani kurudi Tororo siku ile ya kwanza, Haji aliendesha mpaka tulipokaribia mjini. Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Wandera. Ile hati ya kuja tu, ulifanya kusudi?"

"Ndiyo, Haji," nikasema.

Akanipiga begani, na kesho yake akanirudishia cheti ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Alikufa anaamini hivyo, na akawahadithia wengi. Ninyi ndio watu wa kwanza kuambiwa kwamba nilisahau.